Mbuzi wa Kamulu na Mbwa Asiye na Cheti

Swali lenyewe lilikuwa fupi: ninunue mbwa wa German Shepherd au Boerboel? Aliyeuliza ni mama anayefuga mbuzi na kondoo Kamulu, ndani kidogo ukitoka Barabara ya Kangundo, pale Nairobi inapoishia na Machakos kuanza. Kwake bado kuna nafasi, ila inazidi kumegwa: upande mmoja ploti zimezungushiwa ukuta wa mawe, upande wa pili kuna shamba ambalo mwenyewe hajauza, na nyuma lipo chimbo la mawe lililoachwa hadi likaota vichaka. Mbuzi wake wengi ni Galla, wachache wamechanganywa na Toggenburg kwa ajili ya maziwa, kisha kuna kondoo wa Dorper. Wote pamoja ni thelathini na kitu. Ndani ya mwezi mmoja na siku chache walikuwa wameuawa saba.

Kijana wake anayefanya kazi mjini alikuwa ameshaona Boerboel mtandaoni na ameshapatana bei. Nadhani niliitwa nitie muhuri tu, kwa kuwa mimi ndiye ninayewachanja mbuzi hao. Sikuutia. Swali hilo hilo huulizwa Ruai, Utawala, Karen na hata ng'ambo Kitengela, na karibu kila mara huanzia mwisho. Mtu anataja jina la mbwa kabla hajajua anayeua ni nani, anaua saa ngapi, na mbuzi wanakuwa wapi wakati huo. Hayo matatu yakijulikana, mbwa wengi waliokuwa kwenye orodha hujiondoa wenyewe.

Kusoma mzoga

"Ni fisi huyo, daktari," aliniambia mzee anayechunga. "Kule kwetu Mwingi nimemjua tangu nikiwa mtoto."

Halikuwa neno la kupuuza. Nairobi ni jiji lenye hifadhi ya taifa ndani ya mipaka yake, iliyofunguliwa 1946, kilomita za mraba 117, na upande wake wa kusini umeachwa bila ua ili wanyama wapate kupita kwenda nyanda za Kitengela na Athi. Wakazi wa Karen na Lang'ata wanawajua chui. Fisi naye ni mtembezi, usiku mmoja humfikisha mbali, na machimbo yaliyoachwa pamoja na mabonde ya mito humpa pa kulala mchana bila mtu kumwona. Ungeniuliza kwenye simu kabla sijafika, ningemwunga mkono mzee.

Bahati nzuri mbuzi wa mwisho alikuwa hajazikwa. Alikuwa jike wa Galla, na mtu angeweza kusoma yaliyompata kuanzia nyuma kuja mbele: mapaja yote mawili yameraruliwa, mkia umenyofolewa, ubavuni kuna matundu ya meno yasiyo na mpangilio, sikio moja limechanika hadi kwenye shina. Tumbo lilikuwa limefunguliwa kidogo tu. Nyama karibu yote ilikuwepo. Ndani ya boma nilionyeshwa watatu wengine walio hai, mmoja mdomo umepasuka, wawili wanachechemea kwa majeraha ya nyuma ya goti, yote ya asubuhi hiyo hiyo.

Fisi hafanyi kazi ya namna hiyo. Fisi anakula. Huvunja mifupa na kuimeza, na ndiyo maana kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kama chokaa. Akipata mbuzi, asubuhi unakuta ngozi na yaliyokuwa tumboni, au hukuti kitu. Chui humkamata mmoja kooni, humwua bila fujo, kisha humvuta hadi kichakani au juu ya mti. Mwizi wa miguu miwili haachi damu; anaacha waya uliokatwa na alama za tairi la pikipiki. Lakini mnyama anayeng'ata wanne asubuhi moja, kutoka nyuma, wakiwa mbioni, halafu anaondoka na njaa yake, huyo ni mbwa. Au tuseme mbwa kadhaa.

Udongo wa Kamulu ulithibitisha. Ni ule mweusi unaoganda kwenye viatu mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na ukikauka hushika alama kwa muda mrefu. Karibu na birika nyayo zilikuwa za ukubwa wa aina tatu, kucha zote zikionekana, na wayo wa mbele ukikaribiana na wa nyuma kwa ukubwa. Wa fisi wa mbele ni mkubwa waziwazi kuliko wa nyuma. Chui huficha kucha atembeapo.

Kisha nikauliza kuhusu saa. Saba wote walikufa kati ya alfajiri na saa tatu asubuhi, wakati mbuzi wameshafunguliwa na mzee bado anakamua au amekwenda kukata majani. Hakuna aliyeuawa ndani ya boma. Mita mia chache kutoka hapo kuna mjengo wa ghorofa, na mlinzi wake hufuga mbwa anaowafungua usiku wajitafutie. Nyuma ya bucha ya jirani kuna shimo la matumbo na pembe lisilofunikwa. Mbwa hao walikuwa wakipita kwa mama kila siku bila yeyote kuwashuku. "Yule mweupe nimemlisha mimi mwenyewe hapa mlangoni," mama akasema, akashika kiuno. "Kweli kikulacho ki nguoni mwako."

Kwa nini si wale wawili

Adui akijulikana, kazi ya mbwa nayo inajulikana. Hapa hatukuhitaji wa kupigana na chui. Mbwa wanaozurura huja mbio wakiona mbuzi wanakimbia na hakuna anayewazuia. Wakikuta mbwa mwenyeji amesimama katikati ya kundi anabweka na hasogei, wengi hugeuza. Kwa hiyo alihitajika mbwa anayekaa na mbuzi kuanzia alfajiri, hata mzee akiwa hayupo.

German Shepherd anaanguka papo hapo, ingawa jina lake linasema mchungaji. Aina hiyo iliundwa Ujerumani, na mtu anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Max von Stephanitz, mwaka 1899. Ilitokana na mbwa wa kuswaga kondoo, waliotembea pembeni ya kundi ili lisiingie kwenye mazao, mchungaji akiwa karibu anaamuru. Kuchunga na kulinda ni kazi mbili tofauti, na hapo ndipo pesa nyingi za wafugaji hupotea. Kila mbwa amerithi hatua za kuwinda: kukazia macho, kunyemelea, kukimbiza, kukamata, kuua. Waliozalisha mbwa wa kuchunga walizikuza hatua za mwanzo na kuzififisha za mwisho. Ndiyo maana Border Collie anaweza kusogeza kondoo kwa macho tu. Waliozalisha mbwa wa kulinda, kuanzia nyanda za Uturuki hadi milima ya Pyrenees, walitaka hatua zote hizo zilale. Ukimwacha German Shepherd mchanga na mbuzi thelathini asubuhi bila mtu, atajitafutia shughuli, na shughuli anayoijua ni kukimbiza. Akichoka atakwenda kulala mlango wa jikoni, kwa sababu moyo wake uko kwa watu.

Boerboel ni hadithi nyingine. Ni mbwa wa Afrika Kusini, mzito, aliyezalishwa alinde nyumba na watu wa shambani, na wapo wanaoishi vizuri na ng'ombe. Shida yake Kamulu ilikuwa njia za miguu. Watoto wa shule hukata malishoni, wanawake hupita na mitungi, vijana wa mjengo hupita jioni wakielekea kwenye matatu. Kumwachia hapo mbwa anayeweza kuzidi kilo sitini, aliyefundishwa na damu yake kumshuku mgeni, ni kujiandalia kesi. Anafaa awe ndani ya ukuta, lango likiwa limefungwa. Kijana hakufurahi. Aliuliza kama nina jambo binafsi na Boerboel.

Baada ya siku mbili akarudi na jina jipya, Kangal, na safari hii alikuwa amesoma. Haya sasa ndiyo mazungumzo niliyoyataka. Kangal na ndugu zake wa Anatolia, Maremma wa Italia, na wale weupe wa Pyrenees ni mbwa wa kulinda mifugo hasa. Raymond na Lorna Coppinger, watafiti wa Marekani waliofanya kazi na mbwa hawa katika Chuo cha Hampshire, Massachusetts, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, waliwapima kwa mambo matatu: mbwa asidhuru mifugo, awe makini nayo na kuifuata inapohama, na aingilie kati jambo geni likitokea. Mimi huyapanga kwa uzito kwa mpangilio huo huo. Mnunuzi wa Nairobi huanzia la tatu, anataka ukali, na hayo mawili ya mwanzo hayaulizi kabisa.

Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund lililo karibu na Otjiwarongo limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa Anatolia tangu 1994, ili mfugaji asione sababu ya kumpiga duma risasi. Mpango huo umefanya kazi. Ila mashamba ya kule ni ya maelfu ya hekta, na adui ni duma, chui na mbweha. Mama yetu ana ekari mbili na ruhusa ya kulisha kwenye shamba la jirani. Mbwa aliyezoea kuzunguka mlima mzima angemaliza ekari hizo kabla ya chai ya saa nne, kisha aanze kulinda mjengo, bucha na barabara. Kuna gharama ya chakula cha mbwa wa kilo hamsini. Kuna majirani waliojenga ukuta kwa ukuta, na mbwa hawa hubweka usiku kucha kwa sababu kubweka ndiyo silaha yao ya kwanza. Tena kumpata Kangal wa kweli hapa si rahisi, na picha ya mtandaoni haikuonyeshi mama yake alilelewa wapi.

Wengi hudhani kikwazo ni joto. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Julai watu wanavaa makoti. Joto halikuwa hoja kubwa. Homa za kupe, hasa babesia na ehrlichia, zilinitia wasiwasi zaidi kwa mbwa ambaye hakukulia huku.

Kienyeji, lakini kienyeji yupi?

Botswana walipita njia nyingine. Cheetah Conservation Botswana waliwachukua mbwa wa kawaida wa vijijini, wale wa Kitswana, wakawalea na mbuzi tangu wadogo, na wakakuta wanaifanya kazi hiyo vizuri kwa gharama ndogo. Hapa kwetu, utafiti uliofanywa Laikipia na kuchapishwa 2003 uliona kwamba mifugo hupotea kidogo palipo na boma imara, watu na mbwa. Mbwa wenyewe walikuwa hawa hawa wa bomani, wasio na ukoo ulioandikwa.

Kwa hiyo nilipendekeza mbwa wa kienyeji. Mama akaniangalia kama mtu aliyepoteza akili, na alikuwa na haki: mbuzi wake saba wameuawa na mbwa wa kienyeji! Hilo ndilo jambo ambalo nisingependa msomaji alipite haraka. Wale wauaji wa mjengoni na mbwa mlinzi tuliyemleta wangeweza kuwa wa tumbo moja. Kilichowatenganisha ni wiki chache za utoto. Mbwa hujifunza nani ni mwenzake kuanzia wiki ya tatu hivi ya maisha hadi karibu mwezi wa nne. Akizipitisha wiki hizo akinusa mbuzi, akilala ubavuni mwao, akipigwa pembe na kulambwa, mbuzi huingia katika hesabu ya jamaa zake. Dirisha hilo likifungwa ukiwa hujamfikisha bomani, utabaki kumfundisha adabu, naye ataikumbuka adabu hiyo ukiwepo.

Damu nayo ina sehemu yake, na hapo ndipo kuchagua kulipoingia. Hatukuchukua mtoto wa mbwa aliyeokotwa mtaani, ingawa wapo wengi na bure. Tulikwenda Kajiado, kwa familia ya Kimaasai ambayo jike wao hutoka na mbuzi kila asubuhi. Nilimtazama mama mtu kuliko nilivyowatazama watoto. Mbuzi wawili walipigana, wengine wakatimka na vumbi likapanda. Yeye aliinua kichwa, akaangalia wanakokimbilia, akalaza tena kidevu juu ya miguu. Mgeni alipokaribia kundi, ambaye ni mimi, alisimama kati yangu na wao, akabweka, na wala hakunijia. Kwangu hicho kilikuwa cheti cha kutosha.

Watoto wake walikuwa na umri wa wiki saba hivi, wamezaliwa kwenye kona ya boma na harufu ya mbuzi imewakolea. Tulimwacha yule aliyerukia mkia wa kila mwanambuzi aliyepita, na yule aliyejificha nyuma ya jiwe. Tukamchukua dume mmoja wa rangi ya mchanga, mtulivu, aliyemlamba mbuzi mdomoni kisha akaenda zake. Majaribio mengine wanayoyasifia watu, ya kumlaza mtoto chali na kuhesabu, sikuyafanya, siyaamini sana. Rangi aliichagua mzee, akisema mbwa mweusi alfajiri hutamtofautisha na mwizi wa mbuzi.

Mama alitaka wawili. Nilikataa kwa wakati huo. Watoto wawili wa tumbo moja huwa marafiki wao kwa wao, mbuzi wanakuwa kama fenicha, na wakifika umri wa kucheza watacheza pamoja dhidi ya mbuzi.

Mwaka wa kwanza

Aliwekwa kwenye kijizizi ndani ya boma pamoja na majike watatu wapole na kondoo dume mzee wa Dorper asiyependa utani. Sharti lilikuwa kwamba hatoki kwenda nyumbani. Aguswe kila siku, azoee kushikwa, kufungwa kamba na kuchomwa sindano, kwa sababu mbwa asiyekamatika ni hasara; lakini akaguswe huko huko bomani. Wiki ya kwanza ya baridi mjukuu wa mama alimhurumia, akamfunika kwa kanga na kumpeleka jikoni. Mzee akamrudisha bila kusema neno, na asubuhi nikapigiwa simu kushtakiwa mtoto.

Chakula kilituletea shida ambayo sikuiona ikitajwa sana. Alilishwa ugali na omena bomani, kwa sababu akilishwa jikoni moyo utabaki jikoni. Mbuzi wakaugundua ule ugali. Mbuzi akila unga mwingi kwa ghafla tumbo huchacha na anaweza kufa, na mbwa anayenyang'anywa chakula hujifunza kung'ata anayekaribia bakuli. Mzee alipigilia mbao mbili kwenye kona, nafasi ya kumpitisha mbwa akiinama, pembe za Galla zisipite. Mbwa akikua, mbao ya juu inapandishwa. Bei ya misumari tu.

Ya hospitali nitayapita haraka. Chanjo za distempa na parvo akiwa mdogo na za kurudia, ya kichaa cha mbwa miezi mitatu ilipotimia, kisha kila mwaka. Sheria ya Kenya kuhusu kichaa cha mbwa, Sura ya 365, si ya mapambo. Dawa ya kupe. Dawa ya minyoo yenye prazikwanteli, na marufuku ya kumpa mapafu na maini mabichi kutoka buchani, kwa kuwa ndimo yanamopitia malengelenge ya hydatidi, yaani mifuko ya mabuu ya minyoo tegu, kutoka kwa kondoo hadi kwa mbwa, kisha kwa mtu. Alihasiwa alipokaribia miezi minane ili asifuate majike wa mtaani. Nawajua wanaoamini kuhasi kunamfanya mbwa mwoga. Sijaona hivyo, namwona anayebaki nyumbani.

Mwezi wa saba ukaja na simu ya asubuhi: "Daktari, mbwa wako anakula mbuzi wangu." Kisa chochote cha mbwa wa mifugo kisicho na simu hii kimefupishwa. Nilikuta wanambuzi wawili, masikio yao yamelowa mate na ncha zimetafunwa, mmoja anatoka damu kidogo. Kijana alikuwa ameshasema auzwe. Kwa mtazamo wangu hilo lilikuwa kosa la pili lililonusurika kufanyika, la kwanza likiwa Boerboel. Mbwa hawa hukomaa polepole, mwaka na nusu hadi miwili, na katikati yake kuna kipindi cha ujana ambapo mwanambuzi anayeruka ruka huonekana mchezaji mwenza. Ni mchezo, lakini ukiachwa unakuwa mazoea, na mazoea huishia kwenye mzoga.

Tulimtenga na wanambuzi, akawekwa na madume. Kondoo yule mzee alimwangusha zaidi ya mara moja, na hakuna mwalimu ninayemwona bora. Akitoka malishoni alivishwa kwenye kola kijiti kilichoning'inia usawa wa magoti. Akikimbia kinamgonga, akitembea hakimsumbui. Mzee alimkemea alipomkuta na sikio mdomoni papo hapo, si baadaye. Majike waliokuwa karibu kuzaa waliwekwa mbali naye, maana kondo la nyuma na mtoto anayeyumba ni jaribu kubwa kwa mbwa mchanga. Iliwachukua wiki kadhaa, ikapoa, ikajirudia kidogo, ikaisha.

Yasiyo ya mbwa

Wakati huo wote mbuzi walilindwa na nini? Hapa ndipo lazima niwe mgumu kwa hoja yangu mwenyewe, kwa kuwa mbwa wa miezi minne hamtishi yeyote. Mbuzi walianza kufunguliwa baada ya kukamua, mzee akiwa huru kwenda nao. Sehemu ya chini ya wavu wa waya ilizikwa ardhini. Mzee wa Nyumba Kumi alikwenda na mama kwa msimamizi wa mjengo, wakamwonyesha picha za majeraha, na mbwa wale wakaanza kufungwa asubuhi, wawili wakachanjwa. Mwenye bucha alifunika shimo lake baada ya maneno mengi. Vifo vilisimama hapo, kabla mlinzi wetu hajajua kubweka vizuri.

Mtu mmoja pale alipendekeza nyama yenye sumu, na akasema inauzwa. Nilimkatalia kwa sauti ambayo huwa siitumii kwa wateja. Sumu haichagui: ingemwua mbwa wa jirani, tai atakayeshuka juu ya mzoga, na mbwa wetu wenyewe wa kwanza, kwa kuwa ndiye aliye karibu.

Mbwa alijionyesha alipopita mwaka mmoja. Mjengo ulikwisha, mlinzi akahama, mbwa wakabaki bila mwenyewe wakarudia tabia. Kwa maelezo ya mzee, watatu walitokea upande wa chimbo asubuhi yenye ukungu. Mbuzi walikusanyika. Mbwa akatoka mbele yao mkia juu, akabweka mfululizo, akawasindikiza wale watatu hadi kwenye ua wa miiba, na hapo akasimama. Hakuwafuata. Alirudi, akazunguka kundi, akalala. Kwangu kurudi kule ndiko kulikomaliza mtihani, kwa kuwa mbwa anayependa vita angeendelea hadi Kangundo na kuwaacha mbuzi wazi nyuma yake.

Tangu hapo amepotea mmoja. Mwanambuzi alibaki nje ya boma jioni moja, hakuonekana tena, hakuna ngozi wala damu ya kutosha kusema neno. Baada ya siku chache mzee aliniita chimboni, akanionyesha kwa fimbo vinyesi vyeupe chini ya kichaka. "Sasa, daktari?" Wale saba walikuwa wa mbwa, hilo halijabadilika, lakini fisi naye yupo, na mbwa mmoja wa kilo ishirini na tano halingani naye usiku uwanjani. Jibu la fisi ni boma lenye mlango unaofungwa na hesabu ya mbuzi kila jioni, jambo ambalo mama sasa anasimamia mwenyewe. Kuku sikuwaingiza katika mpango huu. Mbwa hakulelewa nao, na mayai yaliyopotea nyuma ya nyumba nina hakika nayajua yalikoishia.

Kijana bado anamtaka Boerboel. Nimemwambia anunue kama anataka ulinzi wa lango, akae ndani ya ukuta na asikutane na mbuzi. Pesa za mwaka huu ameziweka kwenye wavu mpya. Mlinzi wetu ameshatimiza miaka miwili, kwa hiyo anaweza kupewa mwenzake bila kuharibiana utoto, na watu wa Kajiado wameahidi mtoto mmoja kutoka uzao ujao wa jike lile lile, mvua za vuli zikianza. Mzee ameomba safari hii awe jike.